Mama Aliyeyatafuta Majina ya Wazee Wake

Wahenga wetu walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Lakini je, mtu afanyeje ikiwa asili yake hakuiacha mwenyewe, bali alinyang'anywa? Wamarekani Weusi wengi wamejiuliza swali hilo, na akina mama wamekuwa mstari wa mbele kulitafutia jibu.

Mwezi wa Januari 1977 televisheni ya Marekani ilionyesha, kwa siku nane mfululizo, mchezo uliotokana na kitabu cha Alex Haley kiitwacho Roots, yaani "Mizizi". Miongoni mwa waliotazama alikuwamo Bibi Dorothy Spruill Redford, mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika jimbo la Virginia. Mchezo ulipokwisha, yeye hakuishia kufuta machozi tu. Aliazimia kuwatafuta wazee wake waliokuwa watumwa. Kazi hiyo ilimchukua miaka ipatayo kumi.

Ukuta wa mwaka 1870

Kwa nini miaka mingi hivyo? Utumwa ulifutwa kote Marekani mwaka 1865, na watu karibu milioni 4 walikuwa wametoka katika kifungo hicho. Sensa ya kwanza kuwaandika wengi wao kwa majina ni ile ya mwaka 1870. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao: jinsia, umri na rangi, basi. Anayemtafuta bibi yake humo hukuta "mwanamke, miaka 30", na majina hayamo ila kwa nadra sana.

Basi mtafutaji hulazimika kumtambua kwanza aliyewamiliki wazee wake, kisha kupekua karatasi zake: wosia, hati za mauzo na daftari za shamba. Inauma kumsoma nyanya yako katika orodha moja na ng'ombe na majembe. Lakini mara nyingi jina lake limo humo humo. Na kwa kuwa sheria ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake, mara nyingi watoto waliandikwa pamoja na mama zao. Hivyo jina la mama ndilo kamba ya kumwongoza mtafutaji.

Siku ya kurudi nyumbani

Kwa kufuata kamba hiyo Bibi Redford alifika Somerset Place, shamba kubwa la ukoo wa Collins katika jimbo la North Carolina. Aliwatafuta wajukuu na vitukuu wa watumwa wa pale, si wa ukoo wake peke yake, akawaandikia na kuwaalika. Mwezi wa Agosti 1986 watu zaidi ya 2,000 walikusanyika kwenye uwanja ambao wazee wao waliufanyia kazi bila ujira. Haley mwenyewe alihudhuria. Baadaye Bibi Redford alikabidhiwa usimamizi wa mahali hapo, na wageni wakaanza kusimuliwa habari za watumwa, si za mabwana tu.

Barua zilizosomwa kanisani

Msidhani utafutaji huu ulianza na televisheni. Mara tu baada ya uhuru, akina mama walianza kuwatafuta watoto wao waliouzwa mbali. Gazeti la Kimethodisti la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilikuwa na safu iliyoitwa "Lost Friends", yaani "Jamaa Waliopotea". Asiyekuwa mteja wa gazeti alilipa senti 50. Aliandika jina la mama, la ndugu, la bwana wa zamani, na mahali walipoachana. Wachungaji waliombwa kuzisoma barua hizo mimbarani, maana huenda aliyetafutwa ameketi pale pale kwenye benchi. Wengi hawakuonana tena. Hata hivyo, barua zao leo ni hazina kwa vizazi vyao.

Hazina nyingine imo katika vitu vya nyumbani na vya kanisani: Biblia ya familia yenye tarehe za kuzaliwa, daftari la ubatizo, picha ya harusi, jiwe la kaburi. Makaburi mengi ya Weusi yameota magugu au kujengewa juu. Huko New York makaburi ya namna hiyo yaligunduliwa mwaka 1991 wakati wa kuchimba msingi wa jengo la serikali. Mabaki ya watu 419 yalizikwa upya kwa heshima mwaka 2003.

Na sisi je?

Mpendwa msomaji, hakuna aliyetunyang'anya daftari zetu, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja jina la mama wa bibi yao? Tunasema, "Nitamwuliza nikienda likizo," na likizo ikifika tunaitwa matangani.

Nunua daftari la shule. Keti na mama mkwe wako jioni mkichambua mboga, umwulize: alizaliwa wapi, nani walimlea, watoto gani walifariki wakiwa wachanga na waliitwaje. Andika majina ya wanawake pia, maana ndiyo yanayosahauliwa upesi. Nyuma ya kila picha andika ni nani, wapi, na mwaka gani. Kisha mwachie mwanao aendelee kuandika.

Bibi Redford alitumia miaka kumi kutafuta majina ambayo wewe unaweza kuyapata kwa jioni moja, ikiwa hutakawia.