Ilunga yupi? Excel, makro na malipo ya mahindi katika koperative



Mahindi ikisha kuvunwa, magunia inaanza kuingia depo. Kamina ni mji wa njia: reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa kwetu, mkono mmoja unaenda Ilebo, mwingine unaenda Kabalo. Wanunuzi wanatoka pande zote, hata Kasai. Mnunuzi akilipa, feza inaingia siku moja, na kila memba anataka sehemu yake siku ileile. Hapo njo kazi ya sekretere inakuwa nguvu.

Koperative zingine sasa ziko na ordinateri yenye Excel, na mara mingi fishye inakuwa na karatasi tatu. Ya kwanza, WAMEMBA: namba, jina, kijiji. Ya pili, MIZIGO: tarehe, namba ya memba, kilo alizoleta. Ya tatu, MALIPO. Sekretere anaangalia karatasi ya pili, anatafuta jina katika ya kwanza, anaandika katika ya tatu. Akifanya vile kwa watu mia moja, saa tatu za usiku, betri ya sola ikianza kuisha, kilo za mtu zitapotea. Hata awe mwaminifu namna gani.

Excel inaweza kutafuta na kukopia yenyewe. Lakini inafanya tu kile umeiambia, na wamemba wanafaa kujua inaambiwa nini, juu feza ni yao.

Tuanze na kutafuta. Katika Excel ya Kifaransa, ile tunayo wengi, fomula inaitwa RECHERCHEV. Ukiwa na namba ya memba katika A2 ya MALIPO, unaandika =RECHERCHEV(A2;WAMEMBA!A:C;2;FAUX) na jina lake linakuja. Maana yake: chukua ile namba, itafute katika kolone ya kwanza ya WAMEMBA, ukiipata unipe kile kilicho katika kolone ya pili. Neno FAUX mwishoni linasema: nataka ile namba kabisa, hapana inayokaribia. Ukilisahau, Excel inaweza kukuletea jirani yake, na haitakuambia kitu.

Kwa kuhesabu kilo zote za mtu mmoja, hata kama alileta mara tano, kuko =SOMME.SI(MIZIGO!B:B;A2;MIZIGO!C:C). Inapitia mizigo yote, inajumlisha ile ya namba hiyo tu.

Sasa, mbona namba, hapana jina? Hesabuni wenyewe katika koperative yenu: ba Ilunga ni wangapi? Ba Ngoy? Ba Kasongo, ba Banza? RECHERCHEV ikitafuta jina, inasimama kwa wa kwanza inayemuona na haiendelei. Ilunga wa pili, mama mjane aliyeleta gunia zake nne kwa kichwa, hatatokea popote. Na SOMME.SI ikifuata jina ni mbaya zaidi: itajumlisha kilo za ba Ilunga wote pamoja na kumwandikia kila mmoja jumla yote. Kwa hiyo kila memba awe na namba yake, iandikwe kwenye kadi yake na kwenye bo ya kupimia mizigo. Memba akifariki ao akitoka, namba yake isipewe mtu mwingine.

Kuko kitu kidogo kinachosumbua masekretere wengi. Ukiandika 007 katika karatasi moja kama maneno, na 7 katika ingine kama hesabu, kwa macho yetu ni mtu mmoja, lakini kwa RECHERCHEV ni watu wawili. Nafasi tupu nyuma ya namba iliyoandikwa kama maneno inafanya vilevile. Hapo Excel inaonyesha #N/A. Watu wengine hawapendi kuona alama ile, wanaifunika kwa SIERREUR ili sifuri itokee pahali pake. Sisi tunasema: msifanye vile katika karatasi ya malipo. #N/A inapiga kelele kwamba mtu amekosekana. Sifuri inanyamaza, na memba anarudi nyumbani mikono mitupu.

Tuje kwa makro. Makro ni kazi unayomfundisha Excel mara moja, kisha unaiita kwa buto moja. Tangu mwaka 1993 Excel iko na lugha yake ya kuandikia makro, VBA, lakini si lazima uijue kwa kuanza. Unaingia « Développeur », unabonyeza « Enregistrer une macro », unafanya kazi kwa mkono wako, halafu unasimamisha. Kama « Développeur » haionekani, pitia Fichier, Options, Personnaliser le ruban. Fishye iwekwe kwa aina ya .xlsm, la sivyo makro haitabaki ndani.

Tuseme unataka makro ichukue orodha ya MALIPO ya msimu na kuikopia katika karatasi ya AKIBA, ile mtakayochapisha. Ukichagua mistari kwa souris siku ya kurekodi, na siku hiyo mko 40, makro itakumbuka mistari 40. Msimu unaofuata mko 63: wale 23 wa mwisho haitawaona. Wala haitasema. Dawa yake: wakati wa kurekodi, bonyeza selule ya A1, kisha Ctrl pamoja na nyota (*) ya upande wa tarakimu. Hapo makro inajifunza kuchukua tabo nzima, iwe fupi iwe ndefu. Lakini msiache mstari mtupu katikati, juu itasimama pale.

Kinyume chake kinaumiza pia. Msimu uliopita mlikuwa 63, sasa 40. Orodha mpya inafunika mistari 40 ya juu, na ile 23 ya zamani inabaki chini, na kilo zake, na feza yake. Asiyejua atalipa mara mbili. Basi kitendo cha kwanza cha kurekodi kiwe kufuta AKIBA yote, kisha kukopia. Na wakati wa kubandika, chagua « Collage spécial », « Valeurs », ili hesabu ya zamani isibadilike siku bei ya kilo itabadilishwa.

Jambo moja sekretere asisahau: kilichofanywa na makro hakirudishwi kwa Ctrl+Z. Kabla ya kubonyeza buto, weka kopi ya fishye kwenye kle USB, na tarehe kwa jina lake.

Fishye yenye makro ikitoka kwa mtu msiyemjua, iacheni. Mwaka 1999 virusi iliyoitwa Melissa ilienea dunia nzima kwa njia ya makro ndani ya fishye ya Word. Ni juu ya mambo kama hayo, tangu 2022 Microsoft inazuia makro za fishye zilizotoka intaneti. Wanaotumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, fomula zile mbili zinafanya kazi vilevile. Makro za Excel inasoma zingine tu, kwa hiyo jaribuni kwanza kwa kopi.

Na wamemba wasiogusa ordinateri? Ninyi njo wakaguzi. Ombeni jumla tatu: kilo zote katika buku ya depo, kilo zote katika MIZIGO, kilo zote katika MALIPO. Zikilingana, sawa. Zikiachana hata kwa gunia moja, malipo isubiri mpaka gunia lile lionekane. Orodha ichapishwe na kubandikwa kwenye mlango wa depo siku mbili kabla ya kulipa, kwa namba na kwa kilo, ili kila mtu alinganishe na bo yake. Asiyesoma aende na mtoto wake wa masomo.