Nunda wa Kakao: Kitamutamu cha Kutisha Kinachostahimili Joto la Majengo

Chokoleti haikuumbiwa mtaa wa Majengo, Mombasa. Siagi ya kakao, yaani mafuta yanayoifanya chokoleti ing'ae na kuvunjika kwa mlio, huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Mwezi wa Machi mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na chini ya paa la bati hupita hapo. Weka jiko la makaa uani, leta watoto waliotoka kukimbizana vichochoroni, viganja vimewaka moto, na kipande cha chokoleti kitakuwa mchuzi kabla hakijapata sura.

Nayasema haya kwa sababu kila Oktoba simu za wazazi hujaa picha za vizuka vya chokoleti, popo wa chokoleti na makaburi ya keki, vyote kwa ajili ya Halloween ya tarehe 31. Watoto wakishaona, hutaka. Kutaka kutishwa si kosa. Watoto wa pwani wametishwa kwa hadithi tangu kabla bibi zetu hawajazaliwa, na wameomba waongezewe. Tabu ni mapishi yenyewe. Yameandikwa na watu ambao jikoni mwao mna nyuzi 20, na kauli yao ya kila mara, "yeyusha chokoleti, mimina, iache igande", hapa huishia kwenye lile neno iache.

Sababu iko ndani ya mafuta. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita ya fuwele. Watengenezaji hulisaka la tano, kwa kuwa ndilo lenye mng'ao na mlio, na ndilo linalosimama hadi kwenye nyuzi 34. Manne yaliyo chini yake ni malegevu, hayafiki nyuzi 30. Ili kulipata la tano, chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa hupozwa hadi nyuzi 27 au 28, kisha hupashwa kidogo hadi 31. Sasa mwambie mtu wa Majengo aipoze chokoleti hadi nyuzi 27 katika chumba chenye nyuzi 30. Mwenye kiyoyozi atajaribu. Asiye nacho atakimbilia friji, na huko itaganda kweli, lakini ikitoka nje tu hewa yetu yenye unyevu huiwekea umande. Umande ule huyeyusha sukari ya juu, na ukikauka huacha madoa meupe ambayo watu hudhani ni ukungu. Si ukungu, na chokoleti hiyo yalika, ila sura yake imekwisha.

Wengine hufuata ushauri wa kuongeza mafuta ya nazi ili chokoleti "ikae vizuri". Kwa nchi ya baridi, sawa. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi. Hapa Mombasa utayaona yameganda kwenye chupa labda asubuhi za Julai, upepo wa kusi ukivuma. Siku nyingine zote ni maji. Kuyatia katika chokoleti ni kuilegeza zaidi.

Tatizo hili limewasumbua wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1937 Jeshi la Marekani liliiomba kampuni ya Hershey chokoleti ya dharura ambayo haitayeyuka mfukoni mwa askari aliyeko nchi ya joto. Wakapunguza sukari, wakatia unga wa oti, na wakaagizwa isiwe tamu sana, askari asije akaila kabla ya shida kumfika. Agizo hilo la mwisho lilitimizwa barabara: askari wengi waliichukia. Brazil walipita njia nyingine. Miaka ya 1940 kulienea huko kitamutamu cha maziwa mazito ya mkebe, kakao na siagi, kikaitwa brigadeiro kwa cheo cha Eduardo Gomes, afisa wa jeshi la anga aliyegombea urais mwaka 1945. Uchaguzi ulimshinda, kitamutamu kikabaki, na hadi leo hakuna sherehe ya mtoto Brazil isiyokuwa nacho.

Njia ya Wabrazil ndiyo yetu. Mwaka 1828 ukoo wa Van Houten wa Uholanzi ulisajili mbinu ya kukamua mbegu za kakao, siagi ikatoka upande wake na ukabaki unga ambao mafuta yake ni kati ya asilimia 10 na 22 tu. Unga huo una ladha na rangi yote ya chokoleti bila ule udhaifu wa nyuzi 34. Ukiupika pamoja na maziwa ya mkebe, maji hupungua, na protini za maziwa, sukari na chembe za kakao hushikana zikawa donge. Siagi iliyomo ni kidogo mno. Hata ikilegea, umbo halianguki. Halua ya Mji wa Kale hukaa sinia kutwa bila kumwagika kwa sababu iliyo jirani na hiyo: pale kazi hufanywa na wanga, na samli ni mgeni tu. Mpishi wa halua alilijua hili zamani bila kuhesabu fuwele.

Kakao yenyewe iwe kakao tupu, si ile ya kunywa iliyokwisha kutiwa sukari. Inasikitisha kidogo kwamba mikakao imejaa Kyela kusini mwa Tanzania, Bundibugyo kule Uganda na Beni upande wa Kongo, na bado sehemu kubwa ya mbegu hupandishwa meli zikiwa kavu, ili unga uturudie kwenye kopo.

Umbo je? Vizuka vya shuka jeupe havina mizizi hapa, na majini nashauri tuyaache. Kwa nyumba nyingi za Majengo jini ni jambo la itikadi, na mzazi mwenzako hatafurahi mwanawe akirudi na jini lenye macho ya zabibu. Popobawa naye, aliyezua taharuki Pemba na Unguja mwaka 1995, si habari ya watoto. Anayefaa ni Nunda mla watu. Hadithi yake ilichapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi za Zanzibar, na ina kila kitu ambacho mtoto hupenda. Sultani ana paka. Paka anakula ndama, watu wanashtaki, Sultani anamtetea. Anakula mbuzi, anatetewa tu, mpaka amekuwa mkubwa wa kula watu, na mwisho anawala wana wa Sultani mwenyewe. Anayemtafuta ni kijana wa mwisho, yule aliyesifika kwa kukaa jikoni. Kila anapoua mnyama humburuta nyumbani kwa shangwe, na mama yake humwambia siye: mbwa siye, punda milia siye, twiga siye, tembo siye. Shujaa wa jikoni, na mnyama anayekua kila ukimtazama. Sijui ni kizuka gani cha Oktoba kinachomfikia.

Basi tupike. Kazi ya moto ni ya mtu mzima peke yake, nitaeleza baadaye kwa nini. Chukua sufuria nzito, tia mkebe mmoja wa maziwa mazito yenye sukari, wa gramu 395 hivi, vijiko vinne vya chakula vya kakao iliyochekechwa, kijiko kimoja cha siagi, chumvi kidogo sana na iliki iliyotwangwa. Koroga ikiwa baridi mpaka vidonge vya kakao viishe, ndipo uibandike. Moto uwe mdogo. Kwa gesi ni rahisi. Kwa makaa, yafunike kwa majivu kama unavyofanya wali ukipaliwa, la sivyo maziwa yatashika chini na ladha ya kuungua haiondoki. Mwiko usiache kuzunguka, na upite kwenye pembe za sufuria. Baada ya dakika 10 hivi, buruta mwiko katikati: ukiona chini ya sufuria pameachwa wazi na rojo inarudi polepole, Mbrazil angeepua. Wewe ongeza dakika mbili. Joto letu linataka rojo iliyokauka zaidi, na dakika mbili hizo ndizo tofauti kati ya mnyama anayesimama na anayelala.

Watoto wakati huo hawakai bure. Pakiti ya biskuti za Marie ya gramu 200 hutiwa katika mfuko safi, ukafungwa, wakaupiga kwa mchi mpaka ziwe kama chenga za mchele. Wacha wapige, hakuna kazi ya jikoni wanayoipenda kuliko hiyo. Toa konzi moja ya chenga uiweke kando. Zilizobaki zitie katika rojo mara baada ya kuepua, uchanganye. Wanga wa biskuti utanyonya unyevu uliosalia na donge litakuwa gumu la kushikika. Litandaze kwenye sinia iliyopakwa siagi, lifunike, liache lipoe.

Nusu saa hiyo ya kupoa ndiyo saa ya hadithi. Paukwa, pakawa, na Nunda aanze na ndama wake. Ukifika kwenye wanyama, donge limepoa. Watoto wapake viganja siagi kidogo, kila mmoja aviringe mnyama wake: mmoja mbwa, mmoja twiga, mmoja tembo. Wasipofanana na kitu, vizuri zaidi. Kila mmoja alete wake kwa mama au bibi, naye ajibu kwamba siye. Nunda wa kweli huviringwa mwisho, mkubwa kama embe dodo, na wote pamoja.

Ngozi yake hutokana na ile konzi ya chenga, ikichanganywa na kijiko cha kakao kavu, mgaragaze humo. Si pambo tu. Sukari huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa inao wa kutosha, hivyo donge lililo uchi hunata baada ya saa chache. Vumbi la kakao huzuia. Macho ni zabibu kavu. Masharubu ni tambi nyembamba zilizokaangwa zikawa za kahawia. Meno ni nazi: mtu mzima akate vipande vyembamba vyenye ncha kutoka kwenye nyama ya nazi, vyeupe pe, na watoto wavichomeke kinywani. Ichomekwe dakika za mwisho kabla ya kula, maana nazi mbichi katika joto hili huchacha kabla ya kesho.

Damu ndiyo sehemu ya Majengo hasa. Chukua unga wa ubuyu, changanya na sukari, rangi nyekundu ya chakula na matone machache ya maji, upate uji mzito, umpake Nunda midomoni. Ukali wa ubuyu unaukata utamu wa maziwa ya mkebe, ambao bila hivyo huchosha ulimi haraka. Midomo ya walaji pia itakuwa myekundu, na hiyo ni nusu ya starehe. Usitumie mabuyu yenyewe yakiwa na kokwa: mtoto anayejua kuyamumunya hategemei kuyakuta ndani ya kitu laini, na kokwa likiteleza kooni si mchezo. Kwa sababu hiyohiyo, njugu nzima zisiwekwe penye watoto wa chini ya miaka minne, na zabibu zao zikatwe vipande.

Walio wakaidi na wanataka chokoleti ya kumiminia juu, waiyeyushe katika bakuli lililokalia maji ya moto yasiyochemka, na mvuke usiingie. Tone moja la maji hulowesha chembe za sukari, zikashikana, chokoleti ikawa kama udongo. Ikitokea usiitupe. Ongeza tui zito la moto, kijiko baada ya kijiko, huku unakoroga: maji machache yaliiharibu, maji mengi huiokoa. Itakuwa mchuzi mzito wa kuchovya, tena mtamu, ila haitakuwa gamba tena. Chokoleti rahisi za dukani ambazo siagi ya kakao imebadilishwa kwa mafuta ya mimea huganda bila masharti ya fuwele. Ladha yake ni hafifu; kwa kucha za Nunda zinatosha.

Kuhusu moto: rojo la sukari na maziwa linalochemka hupita nyuzi 100, na likiruka hunata kwenye ngozi, tofauti na maji yanayotiririka. Likimpata mtoto, mweke chini ya maji ya mfereji yanayotoka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si unga wa ngano, si siagi. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja chake, au kikiwa usoni, mpeleke hospitali.

Kuhusu hofu nayo: mtoto wa miaka mitatu bado hajatenganisha vizuri mnyama wa hadithi na wa uani. Mpe yeye kazi ya kumtia Nunda meno na kisha kuyang'oa, na asimuliwe mwisho wa hadithi kabla ya kwenda kulala, kijana wa jikoni akiwa ameshinda.

Mkebe mmoja ungetoa vidonge kati ya 25 na 30 vya ukubwa wa ladu ndogo. Ukimtoa Nunda mkubwa, wanyama watapungua. Bila meno, hukaa siku moja nje wakifunikwa, na siku nne au tano katika friji, hata stima ikikatika kwa saa mbili tatu. Zaidi ya nusu ya uzito wa maziwa hayo ni sukari, kwa hiyo mnyama mmoja kwa mtoto mmoja, na maji ya kunywa kando. Nunda mkubwa akatwe kwa kisu baada ya Magharibi, kila mtu apate kipande, kisha mswaki.