Kompyuta Mpakato Inapochemka, Tuanzie Godoroni

Katika nyumba zetu nyingi kompyuta mpakato ni moja tu, nayo haina mapumziko. Asubuhi ni ya baba na hesabu za duka, mchana ni ya mama, na usiku ni ya kijana anayejiandaa kwa mtihani. Inapoanza kuvuma, kuunguza vidole na kuzimika ghafla, kinachopotea si chombo peke yake, bali pia insha ambayo haikuwahi kuhifadhiwa. Wengi wetu husema mashine imekufa. Aghalabu haijafa, imekosa hewa.

Ndani yake mna kichakataji, nacho hutoa joto jingi. Bomba la shaba hulichukua joto hilo hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, kisha feni huvuta hewa, mara nyingi kupitia matundu ya chini, na kuisukuma nje ubavuni au nyuma. Kichakataji kikikaribia nyuzijoto 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi, na hali ikizidi mashine hujizima. Uzito tunaoulalamikia, basi, ni kinga.

Jina lenyewe limetuponza kidogo. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, nasi tumekitii Kiswahili kupita kiasi. Paja, godoro na mto huziba matundu yale yale ya kuvutia hewa. Wala hasara haiishii kwenye mashine: mwaka 2010 jarida la kitabibu la Pediatrics lilieleza habari za mvulana wa miaka 12 ambaye ngozi ya paja ilibadilika rangi kwa sababu ya kuipakata kompyuta akicheza michezo kwa saa nyingi, kwa muda wa miezi. Joto hilo halikuwa la kumfanya apige ukelele, na hapo ndipo penye hatari.

Dawa ya kwanza haina gharama. Iwekwe mezani, na anayekaa mkekani aitafutie ubao mgumu. Vizibo viwili vya soda chini ya pembe za nyuma huiinua kiasi cha kutosha hewa kupita. Iondolewe juani pia. Watengenezaji wengi huweka nyuzi 35 kuwa kikomo cha joto la chumba, na chumba cha bati cha Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari hukivuka kikomo hicho kwa urahisi. Kuitia mashine kwenye jokofu, kama baadhi wanavyofanya, ni kuialika unyevu ndani.

Ikiwa bado inachemka, tazameni kinachoitumikisha. Katika mashine za Windows, bonyezeni kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc; orodha ya programu itatokea, na safu ya CPU itaonyesha mlafi ni nani. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa 30 zilizosahauliwa wazi.

Vumbi ni shauri jingine. Hugandamana na nyuzi za nguo na nywele za paka, likawa kama blanketi mbele ya mapezi. Izimeni kabisa, chomoeni chaja, kisha pulizeni kwa pampu ya hewa huku panga za feni zimezuiwa kwa kijiti zisizunguke ovyo, kwani kuzizungusha kwa nguvu huweza kuiharibu feni. Mashine ya miaka mingi huenda ikahitaji fundi abadilishe ule uji mzito unaopitisha joto kutoka kwenye kichakataji, kwa kuwa hukauka. Kabla ya kumkabidhi, nakilini kazi zenu mahali pengine.

Kuna dalili moja ambayo haingoji. Kitufe kipana cha kuongozea mshale kikiinuka, au mfuniko ukikataa kufunga sawasawa, betri huenda imevimba. Betri hizi ni za lithiamu na huweza kushika moto. Mwaka 2006 Dell ililazimika kuzirejesha zaidi ya milioni 4 kwa hofu hiyo. Acheni kuichaji papo hapo, msiitoboe wala kuikandamiza irudi mahali pake, wekeni mbali na watoto na vitambaa, na ipelekwe kwa fundi aitoe. Na itakapotolewa, isitupwe kwenye takataka za uani zinazochomwa jioni.