Makasia ya Athene, Mawe ya Thimlich

Anayeingia Thimlich Ohinga, huko Nyatike katika Kaunti ya Migori, hana budi kuinama. Malango ya maboma yale yalijengwa mafupi makusudi, hivyo adui aliyetaka kupita alitanguliza kichwa mbele ya rungu la mlinzi. Kuta ni za mawe matupu, hazina saruji wala udongo wa kuyashikiza, na kwingine zinafika mita nne. Zinakadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni husifu ufundi wa mawe, na ni haki yao. Mimi hunishughulisha zaidi siasa yake. Ukuta wa namna ile haujengwi na mtu mmoja, wala haulindwi na mmoja. Aliyebeba jiwe na aliyekesha langoni walikuwa na sauti gani barazani?

Swali hilohilo ndilo lililoikomaza demokrasia ya Wagiriki. Shuleni wengi wetu tuliachiwa tuamini kwamba ilitoka vichwani mwa wanafalsafa. Plato na Aristotle walikuja baadaye, na Plato hakuipenda hata kidogo.

Mwaka 594 KK Solon aliwafutia madeni wakulima wa Athene, ambao baadhi yao walikuwa wameuzwa utumwani kwa kushindwa kulipa. Kisha akawapanga raia katika matabaka manne kwa kipimo cha mavuno: mwenye shamba kubwa alistahili vyeo, maskini aliambulia kuhudhuria mkutano. Mwaka 508 KK Kleisthenes akazigusa koo zenyewe. Aliunda makabila kumi mapya, kila moja likichanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara, na kila kabila likatoa kikosi chake cha vita na wajumbe 50 wa baraza. Hebu fikiria eneo bunge moja linalounganisha Ndhiwa, Muhuru na Oyugis, halafu ujiulize jina la ukoo lingemsaidia nini mgombea.

Maskini, hata hivyo, alipandishwa cheo na bahari. Mwaka 483 KK fedha nyingi ilichimbwa katika migodi ya Laurion, na Themistocles akawashawishi raia wasigawane bali waunde merikebu za vita. Miaka mitatu baadaye merikebu hizo ziliwavunja Waajemi huko Salamis. Askari wa nchi kavu alijinunulia ngao na mkuki, kwa hiyo vita vya ardhini vilikuwa vya wenye uwezo. Merikebu moja ilitaka wapiga makasia 170, na mpiga kasia hakuhitaji kuleta zaidi ya mgongo wake na mto wa kukalia. Baada ya Salamis nani angemwambia anyamaze? Mwaka 462 KK Ephialtes alilipokonya baraza la wakubwa sehemu kubwa ya mamlaka yake. Pericles naye akaanzisha malipo kwa waamuzi wa mahakama, ili asiye na kitu aweze kuacha kibarua akaenda kuhukumu.

Mkutano huohuo wa raia, mwaka 416 KK, uliwaua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwauza wanawake na watoto wao. Vita na Sparta viliisha mwaka 404 KK Athene ikiwa imeshindwa. Wanawake na watumwa hawakuwahi kupiga kura, wala wageni wakazi, ingawa hao wa mwisho walilipa kodi na kupigana.

Waluo, walioyakuta maboma ya Thimlich na kuyakarabati, walitawaliwa na ruoth, yaani mtawala, aliyekaa na wazee wa koo katika buch piny, baraza la nchi. Mambo ya vita yalikuwa na kiongozi wake, osumba mrwayi. Sitaiita demokrasia. Jodak, watu waliopewa ardhi ya kulima bila kuwa wenye nchi, walikuwa na hali inayofanana sana na ya wale wageni wa Athene. Lakini ruoth aliyewapuuza wazee hakuwa na jeshi la kumtetea.

Wakoloni walikata kamba iliyomfunga ruoth kwa wazee wake. Sheria ya mwaka 1902 ya wakuu wa vijiji ilimfanya chifu mtumishi wa serikali, naye akawa anamjibu mkuu wa wilaya. Septemba 1914 Wajerumani walipofika Kisii, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeingia Nyanza Kusini. Wanaume wakatolewa kwa amri za machifu kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika Kariakoo, kikosi cha wapagazi. Wengi hawakurudi, na waliorudi hawakupewa sauti yoyote. Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, wakaanzisha chama kilichojulikana kama Piny Owacho, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti. Serikali ilijibu kwa mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1924, na kiti cha mbele akakikalia mkuu wa wilaya.

Hata Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, kura ilikuwa na mizani: elimu, mapato, mali, utumishi jeshini. Mwenye sifa nyingi alipiga hadi kura tatu, na asiye na sifa hakupiga hata moja. Solon angeutambua mpango huo mara moja. Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni wa Rusinga, alishinda Nairobi kwa daftari hilohilo la wapiga kura, kisha yeye na wenzake wakaikataa katiba iliyowapeleka bungeni. Mei 1963 watu wazima wa Nyatike na Rusinga, wake kwa waume, walipiga kura moja moja bila kuulizwa shamba, cheti wala vita walivyopigana.