Je, Wajua? Diski Isiyosomeka Haijafa

Je, wajua kwamba reli ya TAZARA inayopita Ifakara na ile Reli ya Kati zimepishana upana kwa milimita 67 tu? TAZARA ina milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, ya Kati ina 1,000. Tofauti haifiki hata vidole vinne, lakini behewa la mchele lililopakiwa Mlimba haliwezi kupanda reli ya pili. Ndiyo maana Kidatu, zinapokutana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Hakuna anayetazama behewa hilo akasema limeharibika.

Diski nazo ni hivyo hivyo. Sasa mtu wa kijiji cha Mofu aletewe diski ya nje yenye video ya harusi ya binti yake, iliyohaririwa Dar es Salaam kwenye Mac. Anaichomeka kwenye laptopu ya Windows, na Windows inamwambia lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Wengi hubonyeza kukubali kwa heshima tu, kama wanaomwitikia mkubwa. Harusi imekwenda.

Je, wajua kwamba ujumbe ule hausemi diski imekufa? Maana yake ni kwamba Windows haijui namna mafaili yalivyopangwa humo ndani. Mac nayo ina ujumbe wake: diski haisomeki, uitoe, uupuuze au uianzishe upya. Hilo la tatu ni kufomati kulekule, kumevaa kanzu nyingine.

Kila upande una mpangilio wake. Windows ina NTFS tangu 1993. Mac ilikuja na HFS+ mwaka 1998, kisha APFS mwaka 2017. Linux nyingi hutumia ext4, ya 2008.

Je, wajua kwamba Mac husoma NTFS lakini haiandiki? Utanakili kila kilichomo, ila kuongeza hata picha moja haikubali. Si kwamba diski imefungwa.

Linux ndiyo mkarimu wa wote: NTFS, HFS+, hata exFAT tutakayoifikia hapa chini, zote huzifungua, na Ubuntu, mojawapo ya Linux hizo, unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. APFS ndiyo inayoisumbua.

Je, wajua kwa nini flashi ya GB 64, tupu kabisa, hukataa video moja ya GB 6? Flashi hiyo ina FAT32, mpangilio wa 1996 ambao karibu kila kitu huusoma: sabufa, televisheni, redio ya gari. Lakini FAT32 huandika ukubwa wa faili kwa biti 32 tu, na namba kubwa kabisa inayoingia humo ni baiti 4,294,967,295. Baiti moja zaidi, haiandikiki. Nafasi ipo tele. Pa kuandika ukubwa ndipo hapatoshi.

Dawa yake ni exFAT, ya 2006. Hili ni behewa ambalo magurudumu yake yanakubali reli zote: Windows, Mac tangu 2010, Linux tangu mwishoni mwa 2019. Kwa hiyo aliyehariri harusi, mwenye Mac, ndiye awe Kidatu: ahamishie video kwenye diski ya exFAT kabla ya kuituma. Lakini exFAT haina daftari la kazi iliyokuwa ikiendelea, kwa hiyo ukiichomoa ghafla, au umeme ukikatika katikati ya kunakili, mafaili yanaweza kuvurugika. Na sabufa za zamani nyingi haziijui.

Je, wajua kwamba aliyekwisha kubonyeza kukubali kufomati bado ana matumaini? Kufomati kwa haraka hutengeneza orodha mpya tupu, video yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Basi usiweke muvi hata moja humo. Programu za bure kama TestDisk na PhotoRec hufukua kilichobaki, na kilichofukuliwa huwekwa kwenye diski nyingine. Ila kufomati kamili, tangu Windows Vista, hujaza sifuri diski nzima. Hapo hakuna wa kufukua. Diski za SSD nazo huweza kujisafisha zenyewe mara baada ya kufomatiwa.

Je, wajua kwa nini flashi iliyotoka kwenye Mac huonyesha kila wimbo mara mbili kwenye redio ya gari, mmoja ukiwa bubu? Mac huacha faili dogo lenye jina linaloanza na nukta na mstari wa chini, la kutunzia maelezo ambayo FAT32 haina pa kuyaweka. Yafute yote, wimbo hauguswi. Si virusi.