Kipimo cha mbio ndefu ni siku 30 zilizopita

Mtu anayekimbia kwa ajili ya afya yake, awe wa Masukulu, huku kwetu wilayani Rungwe, au wa Dar es Salaam, akishazoea kilomita 6 au 8 huanza kuitamani 15, halafu 21. Hapo ndipo swali linapozuka: niongeze kiasi gani nisiumie? Jibu lililozoeleka kwenye vikundi vya jogingi ni kujumlisha kilomita zote za wiki na kuongeza asilimia 10 wiki inayofuata. Ni rahisi kulikumbuka na lina busara ndani yake, ila linapima mahali pasipo penyewe.

Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliijaribu kanuni hiyo na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Waliwagawa watu 532 wanaoanza kukimbia katika makundi mawili. La kwanza lilipanda polepole kwa asilimia 10 kila wiki, kwa wiki 13. La pili likafuata programu ya kawaida ya wiki 8. Walioumia katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 20.8, na katika la pili asilimia 20.3. Kuchunga jumla ya wiki peke yake hakukuwakinga.

Mwaka 2025 jarida la British Journal of Sports Medicine lilitoa utafiti mkubwa zaidi, ulioongozwa kutoka Denmark, uliowafuatilia wakimbiaji 5,205 kwa miezi 18 kupitia saa zao za mkononi. Safari hii wiki haikuangaliwa peke yake. Kila mbio ililinganishwa na mbio ndefu kuliko zote ambayo mtu huyo alikuwa ameikimbia ndani ya siku 30 zilizotangulia. Aliyeipita kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 30, kiwango cha kuumia kilikuwa juu kwa asilimia 64 kuliko cha yule ambaye hakuvuka 10. Aliyeipita zaidi ya maradufu, kilikuwa juu kwa asilimia 128. Mabadiliko ya jumla ya kilomita kutoka wiki hadi wiki hayakuonyesha uhusiano huo. Kwa maneno mengine, kinachomwangusha mkimbiaji mara nyingi ni mbio ndefu ya Jumapili moja tu.

Chukua mwalimu wa shule anayekimbia kilomita 5 Jumanne, 5 Alhamisi na 7 Jumapili. Jumla yake ni 17. Akiongeza asilimia 10 ya jumla anapata kilomita 1.7, na kwa kuwa siku za kazi hana muda, zote anazipeleka Jumapili: 8.7. Mbio yake ndefu imeruka kwa asilimia 24 kwa mkupuo, naye anaamini amefuata kanuni. Kwa kipimo cha siku 30 angekimbia kilomita 7.7 na kurudi nyumbani.

Kipimo hiki kina ukali mwingine ambao wengi hawaupendi: kinasahau. Aliyekimbia kilomita 15 mwezi Desemba, akaugua malaria Januari, akarudi barabarani Februari kwa kilomita 5, mbio yake ndefu ni 5. Ile 15 imekwisha. Kichwa bado kinaikumbuka, mguu hauikumbuki tena. Ndivyo ilivyo pia baada ya msiba uliochukua wiki kadhaa, baada ya msimu wa kulima, au baada ya masika yaliyokufungia ndani. Kurudi kwa haraka ili kulipa deni la mbio zilizopotea ni njia fupi kabisa ya kuumia.

Utafiti huo wa 2025 una mipaka yake pia. Waliofuatiliwa walikuwa watu wa wastani wa miaka karibu 46, na karibu wanne kati ya kila watano walikuwa wanaume. Hatari nayo haikupanda ngazi kwa ngazi: waliozidisha kwa asilimia 30 hadi 100 walikuwa juu kwa asilimia 52, pungufu kidogo ya wale wa 10 hadi 30. Kwa hiyo siichukui 10 kama mpaka wa sheria. Naichukua kama breki, na kwa barabara zetu nadhani ni breki inayofaa sana.

Sababu ya kuhitaji breki iko ndani ya mwili. Moyo na mapafu hujibu mazoezi mapema. Ndani ya wiki chache mtu anapanda kilima kilichokuwa kikimkata pumzi. Kano na mifupa havina haraka hiyo. Mfupa unaotwangwa na hatua nyingi kwanza hulegea kidogo, kwa sababu mwili huondoa sehemu iliyochoka kabla ya kujenga mpya, na kazi hiyo yote huchukua miezi mitatu hivi au zaidi. Katikati ya kipindi hicho mkimbiaji anajisikia ana nguvu kuliko wakati wowote, na ndipo mfupa wa ugoko au wa unyayo unapoingia ufa.

Sasa twende kwenye mteremko, maana Rungwe bila mteremko haipo. Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Masoko, ukishuka upande wa kusini, liko kwenye mita 840 hivi. Hakuna kilomita mbili za upande huo zinazofanana. Anayekimbia kilomita 10 kwenye tambarare ya Usangu na anayekimbia kilomita 10 kati ya Masukulu na Tukuyu hawajafanya kazi moja, hata kama simu zao zinaonyesha namba ileile. Ndiyo maana namshauri mkimbiaji wa milimani apime mbio ndefu kwa dakika. Kama ndefu kuliko zote ndani ya siku 30 ilikuwa dakika 60, ijayo iwe 66. Aliye kwenye dakika 30 aongeze 3. Ni kidogo kweli, lakini baada ya wiki kumi hicho kidogo kimekuwa kingi.

Watu huogopa kupanda, ilhali kushuka ndiko kunakoumiza. Ukipanda, mapafu yanalalamika na unapunguza mwendo mwenyewe. Ukishuka, pumzi imetulia, miguu inatiririka, na misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ngumu kuliko zote: inakaza huku inavutwa, hatua baada ya hatua, ili usianguke kifudifudi. Mkazo wa namna hiyo huchana nyuzi za msuli kidogo kidogo. Maumivu yake huja kesho yake au keshokutwa, siku ambayo mtu anashindwa kushuka ngazi au kuchuchumaa. Mwili hata hivyo unajifunza vizuri. Ukiupa mteremko mfupi leo, baada ya siku kadhaa utauvumilia mteremko uleule kwa maumivu machache zaidi, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo anza na mteremko wa dakika tano katikati ya mbio fupi, hatua fupi fupi, magoti yamekunjika kidogo, bila kuegemea nyuma. Na wiki unayoongeza urefu wa mbio, usiongeze mteremko.

Uanze kwa kushuka au kwa kupanda? Wakati wa kujenga urefu, mimi napendelea kuanza kwa kushuka na kumalizia kwa kupanda. Miguu iliyochoka ikitelemka kwenye udongo mwekundu ulioloa hukosea hatua kwa urahisi. Miguu iliyochoka ikipanda inaweza kutembea, na kutembea kilimani si aibu kwa mtu yeyote. Ubaya wake ni kwamba ukiumia ukiwa chini, nyumbani ni juu. Kwa hiyo geuza mapema, kabla ya nusu ya muda uliopanga, na beba nauli ya bodaboda mfukoni. Nasisitiza hiyo nauli. Watu wengi hulazimisha kilomita nne za mwisho na goti lililokwisha kuwaonya, kwa sababu tu hawana namna nyingine ya kurudi.

Kasi ya mbio ndefu iwe ya kuongea. Njia za huku zina watu alfajiri yote: wanaokwenda kuchuma chai, wanaopeleka maziwa, wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi, na kwa adabu ya Wanyakyusa hupiti mtu bila salamu. Kama huwezi kumwamkia mzee na kumjibu habari za nyumbani kwa sentensi nzima bila kuhema, unakwenda kasi mno. Kuongeza urefu na kasi kwa pamoja ni kuongeza mizigo miwili siku moja.

Mizigo ya kazi nayo ihesabiwe. Aliyeshinda Jumamosi akibeba mikungu au kulima shambani hajapumzika, hata kama hakukimbia. Baada ya wiki tatu za kuongeza, wiki ya nne ipunguze mbio ndefu kwa robo au theluthi.

Chakula wilaya hii haina shida nacho: ndizi, viazi, maharage na maziwa vinamtosha kabisa mkimbiaji wa kujifurahisha. Mbio ikizidi saa moja na nusu, beba ndizi mbivu. Maji unywe kwa kiu yako. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 chumvi ya damu yao imeshuka kupita kiasi, hasa waliokunywa maji mno hadi wakaongezeka uzito njiani. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma tangu aongeze mbio, na si mjamzito, asiendelee kuongeza. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba chakula hakitoshi, na mifupa yake iko hatarini. Aende hospitali. Kuhusu viatu, raba za mtumba zinafaa, ila ziweke mezani uzitazame kwa nyuma: iliyolalia upande mmoja iache. Kwenye lami inayokwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, kimbia upande wa kulia, uyaone malori yanayokuja.

Maumivu yana aina zake. Uchovu wa misuli ulioenea miguu yote miwili na kupungua baada ya siku mbili ni wa kawaida. Maumivu ya mfupa unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, yanayoongezeka ukiruka kwa mguu mmoja au yanayokuamsha usiku, ni amri ya kuacha kukimbia na kumwona daktari. Goti lililovimba vilevile. Homa pia: mwenye homa hakimbii.

Watanzania tumelelewa na habari ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaendelea hadi mwisho kwa saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Heshima yake haina mfano, nami naisimulia kwa fahari. Lakini yeye alikuwa amebeba bendera ya nchi mbele ya dunia. Wewe Jumapili asubuhi hujabeba bendera ya mtu. Umebeba goti litakalokupeleka shambani Jumatatu. Simama, panda bodaboda.

Subira nayo ina ushahidi wa nyumbani. Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha, London, mwaka 2017. Dhahabu, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo, aliipata Tokyo Septemba 2025, miaka minane baadaye.

Kwako hesabu ni fupi zaidi. Kutoka kilomita 8, ukiongeza asilimia 10 kila hatua, unafika karibu 21 kwa hatua kumi. Tia ndani wiki za kupunguza, ni miezi mitatu na zaidi kidogo, ukiwa na afya muda wote. Mashindano kama Tulia Marathon ya Mbeya huwa na mbio za urefu mbalimbali, kwa hiyo kuchagua ni juu yako. Kama zimebaki wiki sita na mbio yako ndefu bado ni kilomita 8, jiandikishe ya kilomita 10. Nusu marathoni ikimbie mwakani.