Kuvumbua na Kugundua: Picha za Setilaiti na Majina ya Mahali, Malolo

Siku hizi mtu aweza kuketi chumbani mwake, akatazama katika kompyuta milima na mabonde asiyoyakanyaga kamwe. Na akiona jambo la ajabu husema kwamba amelivumbua. Neno hilo lataka kuangaliwa. Kuvumbika ni kufunika kitu, kama ndizi zivumbikwavyo zipate kuiva. Kuvumbua ni kukitoa kilichofunikwa. Basi yatupasa kuuliza: mahali panapovumbuliwa palikuwa pamefunikwa kwa nani?

Mfano mashuhuri ni msitu wa mlima Mabu, Msumbiji. Mwaka 2005 mtaalamu Julian Bayliss aliuona katika picha za Google Earth, na safari zilizofuata zilikuta humo viumbe ambavyo sayansi haikuwa imeviandika. Lakini wenyeji walikuwa wakiwinda humo, na wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 watu walijificha humo. Msitu ulikuwa umefunikwa kwa wataalamu tu.

Sasa tutazame Malolo, wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi. Anayeandika jina hilo peke yake aweza kupelekwa hadi kisiwa cha Malolo huko Fiji, kwani mashine husoma herufi tu. Akiifikia Malolo yetu wakati wa kiangazi, ataona vilima vya rangi ya udongo, na katikati yake ukanda wa kijani kibichi. Mgeni aweza kudhani kuwa ni kinamasi. Kumbe ni mashamba: maji ya mto Mwega huongozwa kwa mifereji, na vitunguu hulimwa kwa wingi.

Katika picha za kawaida za Landsat kila nukta ni mraba wenye upande wa mita 30, nao mbuyu mzima humezwa ndani yake. Picha kali zaidi huonyesha hata kivuli cha mbuyu mmoja mmoja. Hata hivyo jina la Ruaha Mbuyuni, hapo jirani, halimo katika picha yoyote. Kiambishi -ni, kinachotuambia kwamba mti ule ulikuwa alama ya watu, hakina rangi wala kivuli.

Kwa maoni yangu, kugundua lafaa kuliko kuvumbua, kwa maana yake ya zamani: kumjia mtu ghafla bila yeye kutazamia. Setilaiti haipigi hodi.

Hatari iko katika majina. Jina likikosewa katika ramani ya kompyuta hunakiliwa huku na huku, hata mwanafunzi akaliamini kuliko kinywa cha mzee. Kwa hiyo yafaa picha hizo zichapwe katika karatasi kubwa, wazee wa Malolo wapelekewe, nao waulizwe kwa Kiswahili na kwa lugha zao za nyumbani: mfereji huu waitwaje, na kilima hiki, na mbuyu ule, nani aliuita hivyo, na jina lenyewe hutamkwaje na mtu asiyepata kuliona limeandikwa.